Maumivu Aliyoficha Mshonaji

Kila jioni seremala alirudi kutoka karakana akamkuta mke wake kwenye cherehani. Mtoto wao wa pili, mwenye miezi minane, alikuwa amelala kando ya vitambaa.

"Mama watoto, hizo nguo haziishi?"

"Bado pindo tu."

Pindo gani hilo la miezi minane? Ukweli ni kwamba mshonaji hakutaka kumaliza. Alichanika alipojifungua, akashonwa. Tangu hapo tendo la ndoa lilimuumiza mno. Shangazi yake alimwambia avumilie, eti ndivyo wanawake walivyo. Kwa hiyo alinyamaza, akawa anapokea oda mpya kila siku ili asiingie chumbani mapema.

Siku moja seremala alishindwa kujizuia. "Kama hunitaki, sema! Rudi kwenu, kila mtu apumzike."

Mshonaji alilia. Lakini alimpenda mumewe, na hakuwa tayari kuachika kwa sababu ya kuona haya. Asubuhi jirani yao, muuguzi, alikuja kupima sare. Mshonaji akaweka futi mezani, akamweleza yote.

"Hayo yanatibika, dada," alisema muuguzi. "Kuna sayansi nzima ya mambo ya tendo la ndoa."

"Sayansi? Ya chumbani?"

"Ya chumbani hasa! Tena si ya mtaalamu mmoja. Daktari ataangalia kovu. Mtaalamu wa mazoezi atakufundisha kulegeza misuli ya nyonga. Mshauri atawasikiliza wewe na mumeo. Mwili, akili na maelewano vyote vinahusika. Ukitibu kimoja tu, unaweza usipone."

"Mume wangu anadhani simpendi."

"Basi mwambie leo. Muende pamoja."

Mshonaji alimbeba mtoto, akaenda moja kwa moja karakana.

"Zima mashine, baba watoto. Naumia. Kila mara naumia, tangu nijifungue. Ndiyo maana nakukwepa."

Seremala alizima mashine, akakaa juu ya mbao. "Wewe unaumia, mimi nanuna?"

"Na unajua kununa, wewe!"

Wiki hiyo walikwenda kliniki. Daktari aliona kovu limekaza, akampa dawa ya kupaka. Mtaalamu wa mazoezi akamwonyesha namna ya kupumua na kulegeza misuli. Mshauri akamgeukia seremala.

"Uliwahi kumuuliza kama anaumia?"

"Sikuwahi," alijibu kwa aibu.

"Kuanzia sasa uliza. Akisema basi, ni basi. Usilazimishe."

Haikuwa kazi ya siku moja. Kuna wiki mshonaji alikata tamaa, lakini hakuacha mazoezi. Alipokuwa akiyafanya, seremala alibaki na watoto.

Mwezi wa nne wa matibabu, daktari aliuliza, "Bado unaumia?"

Mshonaji alicheka. "Siumii tena. Shida ni huyu, daktari. Kila dakika, 'Unaumia? Unaumia?'"

"Niache niulize," alisema seremala. "Kidogo nikupoteze kwa kutouliza."