Bakuli Lililopimwa Pamoja na Vifaranga

Nyumbani walimwita Mawazo, kwa sababu akili yake ilizoea kwenda matembezini bila kuaga. Kila asubuhi alihudumia vifaranga wa shangazi yake, na bandani mwao ndimo alimozama kabisa mawazoni: taa ya joto ilimwaga mwanga wa rangi ya chungwa, vumbi la maranda likaelea polepole, na milio laini ikambembeleza mpaka kope zikawa nzito.

Jumamosi moja daktari wa mifugo alitarajiwa kuja kuwapa vifaranga dawa ya kuhara, kulingana na uzito wao. Shangazi akamwachia Mawazo kazi ya kuwapima mmoja mmoja, ndani ya bakuli juu ya mizani. Akapima huku akiwaza wangeonekanaje wakiruka juu ya mapaa ya mji. Kisha akakokotoa: wastani gramu mia moja sabini, mkengeuko sanifu, yaani kadiri uzito wao unavyotawanyika kuuzunguka wastani, gramu nane.

Alipogeuka kuondoa vyombo, mizani ilisoma gramu hamsini. Bakuli lilikuwa tupu.

Alikuwa amesahau kuutoa uzito wa bakuli. Vifaranga walikwisha kuchanganyika, na nje alimsikia daktari akimsalimu shangazi. Angeosha bakuli tu, nani angejua? Akamtazama kifaranga mmoja aliyesinzia kiganjani mwake, mwepesi kama pumzi, akatoka nje na kueleza yote. Akaomba kuanza upya.

Daktari akaifunga tena chupa ya dawa. Hakukasirika.

"Kila mmoja umemwongezea gramu hamsini zilezile," alisema. "Ni kama kuwasimamisha watoto wote juu ya benchi moja. Wote wanaonekana warefu, lakini aliyempita mwenzake kwa kidole bado anampita kwa kidole. Kwa hiyo kwenye wastani toa hamsini. Ile nane iache ilivyo, kwa kuwa tofauti zao hazikuguswa."

Mawazo akapata mia moja ishirini. Wakawapima tena wachache kuhakikisha, safari hii bila uzito wa bakuli, na hesabu ikakubali. Katika maji yao ya kunywa daktari akachanganya dawa kidogo kuliko alivyokusudia.

Shangazi akamshika bega.

"Kusahau tunasahau sote, mwanangu. Lakini ungenyamaza, dawa ingewazidi, nami ningewazika bila kujua nilipokosea. Ukiligundua kosa lako, liseme lingali linarekebishika."

Vifaranga wakainamisha vichwa, wakaanza kunywa.