Mizizi ya Vitunguu na Maji ya Tangi

Kwa maelezo ya jirani yao, yule ambaye mtaa mzima ulimwita Redio, miche yake ya nyanya ilimwagiliwa asubuhi, ikalala chini adhuhuri, na kabla jua halijatua ilikuwa nyeusi tii na inakoroma. "Nimeisikia kwa masikio yangu haya!" aliapa langoni kwa kina Kidoti. "Ni hayo maji yenu ya hospitali!"

Kidoti, msichana wa darasa la sita, alicheka mpaka akashika mbavu. Mama yake hakucheka. Yeye ndiye aliyesimamia tangi nyuma ya chumba cha kufulia cha hospitali. Humo yalikusanywa maji machafu yenye mabaki ya viuavijasumu, yaani dawa za kuua bakteria, yakachanganywa na unga mweupe, kisha yakamulikwa kwa taa kali iliyoufanya unga huo uivunjevunje dawa. Kipimo kikionyesha dawa imekwisha, unga ulichujwa, na maji yakapita bombani hadi bustani ya jirani, ambaye riziki yake ilikuwa kuuza miche.

"Kipimo hakisemi uongo," mama alijibu mbele ya watu. "Wewe umelala, jua limekuunguzia miche, sasa unatafuta wa kumbebesha mzigo. Uvivu hauna dawa, jirani!"

Watu wakaangua kicheko. Redio aliondoka akifuta macho kwa upindo wa gauni. Kidoti akaona, kicheko kikamkauka mdomoni.

Kesho yake alipita bustanini. Miche mingi ilikuwa imekauka. Iliyopona ni ile tu iliyomwagiliwa maji ya mvua kutoka kwenye pipa. Jua gani hilo linalochagua? alijiuliza.

Shuleni walikuwa wameotesha vitunguu juu ya glasi za maji. Basi Kidoti akachukua vitunguu vya kapu moja. Vingine akaviweka kwenye maji ya mvua, vingine kwenye maji ya tangi yaliyotoka bombani.

"Hodi, daktari wa vitunguu!" kaka yake alimtania. "Wagonjwa wameamkaje?"

"Cheka tu. Mizizi itasema."

Na kweli ikasema. Kwenye maji ya mvua ilishuka mirefu na myeupe kama ndevu za babu. Kwenye maji ya tangi ilikuwa mifupi, ya kahawia, imelegea. Kaka akadai labda vitunguu vilikuwa vibovu. Kidoti alianza upya, safari hii akikagua kitunguu kimoja kimoja. Jibu likawa lile lile.

Mama alizitazama glasi, akashusha pumzi. "Nikizipeleka kazini, wataniuliza nilikuwa naangalia nini."

"Na usipozipeleka, mama?"

Mama akazibeba.

Fundi mkuu wa hospitali alifunga bomba palepale. "Kipimo chetu kinatafuta dawa nzima," alieleza. "Chupa ikivunjika, ukiulizwa chupa iko wapi, utasema haipo. Lakini nani atapita hapo pekupeku? Taa tunaizima mapema mno. Vipande vya dawa vimebaki, na huenda vingine vina sumu kuliko dawa yenyewe."

Wakaiacha taa iwake zaidi, wakapima tena kwa vitunguu. Mizizi ikadumaa. Wakaongeza muda, ikadumaa bado. Mama na Kidoti hawakukata tamaa. Kila mara walibadilisha vitunguu na kusubiri, mpaka mizizi ikashuka myeupe. Hapo ndipo bomba lilipofunguliwa, na hospitali ikampa jirani miche mipya.

"Mwanangu," mama alisema wakielekea bustanini, "jirani alitia chumvi, lakini chumvi hutiwa kwenye chakula kilichopo. Kipimo hujibu kile tu ulichokiuliza. Mtu akilalamika, kachunguze kwanza, ucheke baadaye."

Walimkuta Redio amechuchumaa, akipanda. Mama naye akachuchumaa.

"Jirani, nilikuita mvivu mbele za watu, na kosa lilikuwa langu. Naomba unisamehe."

Redio alichukua mche mwingine, akaushindilia udongo polepole kwa vidole, asinyanyue macho; yale maneno ya langoni yalikuwa bado yanamuuma.