Bangili ya Justa

Mwaloni kazi huanza mapema. Hapo ndipo wanawake wa machimbo, upande wa Ushirombo, huosha mchanga wa mawe yaliyosagwa. Wanatafuta dhahabu. Vumilia alikuwa ameinama na beseni lake. Pembeni alicheza Justa, mtoto wa dada yake Asteria.

Asteria alifariki mwaka huu, mvua zilipokuwa zinaisha. Alikuwa na virusi vya UKIMWI na hakujua. Alipokuja kupima, kifua kikuu kilikuwa kimeshamdhoofisha. Siku hizi watu wengi wana virusi. Wanakunywa dawa, wanalima, wanazeeka. Asteria alichelewa tu. Inauma kusema neno hilo, "tu".

Asubuhi hiyo alipita Philomena, nesi wa zahanati.

"Mwangaluka, Mama Enock," alisalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, nesi," Vumilia alijibu.

"Shikamoo," alisema Justa.

"Marahaba, mwanangu." Nesi alimshika mtoto mkono. Justa alikuwa amevaa bangili laini ya plastiki. Nesi aliitazama, akaigeuza kwa kidole.

"Hii kaitoa wapi?"

"Mama yake alimpa," alisema Vumilia. "Walikuja watu na gari, wakagawa vipaketi. Ndani kuna mfuko wa mpira na hii pete. Hawakutueleza kitu. Wanaume walikuwa wamejaa, nani angeuliza? Tukatoa pete, tukawavika watoto. Mifuko tukaitupa."

"Mama Enock, ile ilikuwa kondomu ya kike. Inazuia virusi. Inazuia na mimba."

Vumilia aliweka beseni chini.

"Kwa hiyo dada alikuwa nayo ndani ya nyumba?"

"Alikuwa nayo."

Vumilia alikaa kwenye tope akalia. Alilia kwa uchungu na kwa hasira. Mimi simlaumu hata kidogo. Ukigawa kitu bila kukieleza, umegawa nini?

Alipofuta machozi alisema, "Nesi, hata mimi naogopa. Mume wangu Ndaki anachimba Geita. Anakaa huko miezi, na hayuko peke yake, najua. Nikimwomba avae kondomu anakataa. Mganga wa machimbo kampa masharti. Eti mchimbaji akivaa mpira, dhahabu inamkimbia. Shemeji yangu naye alimwambia dada hivyo hivyo. Sasa Ndaki anarudi wiki hii."

"Unatumia njia gani ya uzazi wa mpango?"

"Sindano. Si inanikinga?"

"Inakukinga na mimba. Sindano, vijiti, vidonge, kitanzi, vyote ni vya mimba. Haviwezi kuzuia virusi. Kesho njoo zahanati."

Kesho yake Vumilia alikwenda. Alipimwa kwanza. Hakuwa na virusi. Kisha nesi alifunga mlango, akatoa kipaketi.

"Soma tarehe ya mwisho wa matumizi. Nawa mikono. Chana kwa vidole, usitumie meno wala wembe. Umeona pete ya ndani? Ndiyo bangili ya Justa. Ibonyeze iwe nyembamba. Chuchumaa, au weka mguu mmoja juu ya kigoda. Iingize ukeni, uisukume kwa kidole mpaka ifike mwisho. Pete kubwa inabaki nje."

"Na yeye?"

"Unamwongoza kwa mkono aingie ndani ya kondomu, asipite pembeni. Unaweza kuivaa mapema, kabla hata hajafika nyumbani."

"Na yeye akivaa ya kwake, si ndiyo salama zaidi?"

"Hapana. Zikisuguana zinachanika. Tumieni moja tu. Mkimaliza, zungusha pete ya nje, vuta taratibu, funga kwenye karatasi, tupa kwenye takataka. Kila tendo na kondomu yake mpya. Na akikutisha au akikupiga, usikae kimya. Njoo hapa."

Vumilia alijaribu nyuma ya pazia. Mara ya kwanza iliteleza ikaanguka. Alicheka, halafu machozi yakamtoka.

"Dada angecheka sana," alisema.

Ndaki alirudi siku ya mnada. Jioni, watoto walipokuwa nje, Vumilia alimweleza.

"Masharti yangu unayajua," alisema Ndaki.

"Nayajua. Wewe huvai kitu. Navaa mimi."

Ndaki alinuna. "Nani kakufundisha mambo haya?"

"Asteria."

Ndaki aliinamisha kichwa. Yeye ndiye aliyechimba kaburi la shemeji yake.

"Alikwambia lini?"

"Hakuniambia, Baba Enock. Na yeye hakuna aliyemwambia. Mimi nimeambiwa. Sitaki kwenda alikokwenda."

Ndaki alikuwa na hofu kama mkewe, ila wanaume wa machimbo hofu yao huiita hasira. Siku ile alikubali. Wiki iliyofuata alikubali na kupima.

Alikutwa na virusi.

Alikaa kwenye benchi la zahanati mpaka jua likapinda. Masharti yote ya mganga aliyashika. Dhahabu hakupata. Vumilia alikaa karibu naye. Alimhurumia, alimkasirikia, na hakuondoka.

Ndaki alianza dawa siku ile ile, na anakunywa kila siku. Miezi mitatu baadaye Vumilia alipimwa tena. Hakuwa na virusi. Nesi alimshika mikono yote miwili, akamwambia aendelee hivyo hivyo.

Siku hiyo Vumilia alirudi mwaloni na boksi la kondomu za kike. Alimwomba Justa bangili yake, akamvua kwa kuivuta sana, akaiinua juu mbele ya wenzake.

"Mnaijua hii?"

"Si bangili!" alisema Violeth, jirani yake. "Hata wangu wanazo." Wanawake wengine walicheka.

Vumilia alifungua kipaketi. Aliwaonyesha pete, akawaonyesha na mfuko, akaeleza kama alivyoelezwa na nesi. Hakuona aibu.

"Dada yangu alikuwa nazo ndani," alisema. "Alizifanya bangili."

Kicheko kilikatika. Violeth alifuta mikono kwenye kanga, akasogea mbele. "Nipe na mimi. Halafu nieleze tena pale pa kuibonyeza."

Boksi lilikwisha. Wanawake walipotawanyika, Justa alinyoosha mkono.

"Mama mdogo, nirudishie. Ni ya mama."

Vumilia alijaribu kumvika. Bangili ilikwama kwenye vidole. Alijaribu tena taratibu, ikakataa. Mkono wa Justa ulikuwa umekua, na mama yake hakuwapo kuuona.