Anayesugua Wino

Haya yalimpata shoga yangu Yuelan, na Yuelan si mwongo. Tulikuwa tukijifunza kuandika kwa brashi kwenye shule ya wastaafu, hapa Suzhou, China. Jioni moja, sote tulipokwisha kutoka, alirudi peke yake darasani, kule chini ya ardhi, kufuata shali yake. Bawabu, Mzee Geng, akazima taa akafunga mlango kwa nje.

“Mzee Geng! Nimo humu, kiziwi wee!”

Kisha nyuma yake, kwaru, kwaru, mtu anasugua kijiti cha wino mkavu kwenye jiwe, kama tufanyavyo kabla ya kuandika. Yuelan akagonga mlango akilia. Sauti ikakoma. Mzee Geng akafungua mlango.

“Dada, shule imekunogea mpaka unalala humu?”

Yuelan akatoka mbio hadi kwenye mwanga. Mgongoni mwa mkono wake wa kulia palikuwa na alama za vidole, wino mbichi, pale pale mwalimu anapotushika kutuongoza.