Glavu ya Mkono wa Kushoto

Mitumba ilikuwa imeruhusiwa tena, na soko la Kilombero lilifurika watu. Omary, kedi wa uwanja wa golfu, alikuwa hoi kwa kubeba mifuko ya fimbo tangu alfajiri. Akachomoa glavu moja kwenye rundo.

"Dada, hii ya kushoto bei gani?"

"Na ya kulia? Au una mkono mmoja?"

"Golfu tunavaa moja tu, mrembo."

Maulida, mwenye rundo, alicheka hadi mtandio ukamdondoka. Kwa cheko hilo Omary alikwisha.

Miaka miwili ikapita, Omary akiahirisha posa kila Idi. Ndipo baba yake Maulida akasema, "Abdulrahman muuza spea ameposa. Kesho Ijumaa namjibu."

Maulida akapiga simu uwanjani. "Omary anafundisha," akajibiwa. Akaenda kwa miguu. Kupitia ua wa michongoma akamwona amesimama nyuma ya mwanamke mwenye sketi nyeupe, amemshika kifundo cha mkono. "Usilegeze, Tahera. Shikilia..."

Hakusubiri zaidi. Moyo ulimuuma vibaya.

Jioni Omary alimfuata sokoni. "Mpenzi, nasikia ulikuja. Mbona umeondoka bila salamu?"

"Kamshike Tahera wako!"

Omary akajibwaga juu ya robota la mitumba. Hata ugomvi hakuuweza. "Ni mke wa mtu, namfundisha. Analegeza kifundo kabla fimbo haijafika kwenye mpira. Nguvu zote za bega zinapotea."

"Nionyeshe."

Omary akampa fimbo ya kutungulia nguo, akasimama nyuma yake. Mikono yake ilikuwa imejaa sugu. "Kaza hapa. Wengi wanaharibu mwishoni kabisa."

"Kama wewe," Maulida alisema, machozi yakimlenga. "Kesho baba anamjibu Abdulrahman."

Omary aliiachia fimbo. "Nilitaka nije na mahari ya maana. Nimechoka, Maulida."

"Na mimi nimechoka. Njoo hivyo hivyo."

Ijumaa asubuhi, kabla ya swala, Omary na mjomba wake walibisha hodi, Omary katoka uwanjani mbio kwa kanzu ya kuazima.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba." Mzee alimkagua, macho yakaishia kwenye mkono wa kushoto. Kijana alikuwa amesahau kuvua glavu. "Na ya kulia iko wapi?"

Nyuma ya pazia, sauti iliyochoka kungoja ikamjibu:

"Anavaa moja tu, baba. Mkaribishe akae."