Aliyekuja Mgongo Mbele

Sina nia ya kumtisha mtu. Nina hasira tu, na hasira yenyewe ilianza na fomu.

Kila Jumatatu ofisi ilituletea fomu ya maswali manne. Unalala vizuri? Unakula? Unalia bila sababu? Unahitaji msaada? Bila sababu! Wadi ina vitanda thelathini, wagonjwa hamsini na wawili, mitungi ya oksijeni kumi na minane, halafu mtu amekaa kwenye kiyoyozi anakuuliza kama unalia bila sababu. Ilikuwa Mei, mwaka ule wa korona, hapa Iquitos, mji wa msituni usio na barabara ya kuufikia. Kutoka hapa ni mto au ndege, na vyote viwili vilikuwa vimefungwa.

Mimi, Dorila Ahuanari, muuguzi kiongozi wa zamu, ndiye niliyekusanya fomu hizo. Na leo naungama: nilizijaza mwenyewe, zote saba za zamu yetu. Mwenzetu Rengifo aliwahi kujaza ukweli wake. Wakampa namba ya simu apige apate ushauri. Akapiga, akachezewa muziki dakika arobaini, simu ikakatika. Kisha wakamtoa kwenye ratiba wiki mbili, na hawakuleta mtu wa kushika vitanda vyake. Tukavigawana sisi. Tangu hapo nikawa naweka alama ileile kwa kila mtu: mzima, mzima, mzima.

Hata kwa Zoila.

Zoila Tapullima alikuwa shoga yangu wa miaka kumi na moja. Ukishavaa ovaroli nyeupe, barakoa na miwani, hakuna anayemjua mwenzake, kwa hiyo kila asubuhi tuliandikana majina mgongoni kwa kalamu ya wino mzito. Mgongoni huwezi kujiandika mwenyewe. Mimi nilimwandika Zoila, Zoila aliniandika mimi. Z yangu naikata kwa mstari katikati, na chini ya jina nilimchorea ua. "Unachora kama mtoto wa chekechea," alikuwa akinitania.

Siku hizo alikuwa ameacha kunitania. Aliamriwa atoe mtungi kitanda cha sita, aupeleke kitanda cha tisa. Akautoa. Mzee wa kitanda cha sita alimtazama mpaka akakata roho. Baada ya hapo Zoila hakulala tena. Aliacha kwenda kwao, eti asimwambukize mama yake, akawa anajilaza kwenye stoo ya mashuka. Mikono aliiosha mpaka ngozi ikachubuka.

"Dori," aliniambia Jumatatu moja, "safari hii niandikie ukweli. Andika siko sawa."

"Nitaandika, shoga yangu."

Sikuandika. Nani angeshika vitanda vyake?

Wiki tatu baadaye, saa kumi na mbili jioni, nilikuwa napeleka fomu kwa Bwana Eleuterio, mkuu wa utumishi, kabla hajafunga ofisi. Mvua ilikuwa imekatika muda huo huo. Nilishavua ovaroli yangu, nimeoga, nimechoka mpaka meno yanauma. Njia ni korido ndefu ya upande safi, ambako mtu haruhusiwi kabisa kupita na nguo za wadini.

Nikasikia nyayo.

Fya... fya... fya...

Ile sauti ya mifuko ya plastiki tunayofunga miguuni. Harufu ya klorini ikanifikia, na chini yake harufu ya jasho la siku nzima. Nikainua macho. Mwishoni mwa korido kulikuwa na mtu amevaa ovaroli kamili, kofia na kila kitu, kwenye upande safi!

Damu ikanichemka. "We nani?" nilifoka. "Umerukwa na akili? Unataka utuue sote? Rudi ulikotoka!"

Aliendelea kuja.

Alikuwa anakuja mgongo mbele.

Hatua moja ya kinyumenyume. Anasimama. Anainama, anaokota kitu sakafuni, anakitia mfukoni. Sakafuni hapakuwa na kitu. Hatua nyingine. Anainama. Anaokota.

Fya...

Mgongo ulipokaribia nikasoma jina. ZOILA. Z imekatwa katikati. Chini yake, ua.

Mwandiko wangu mwenyewe. Ovaroli hiyo niliiandika asubuhi, na saa nane mchana niliiona kwa macho yangu ikitupwa kwenye tanuri la taka. Ilikuwa imekwisha kuwa majivu.

"Zoila?" Sauti ilinitoka kidogo tu.

Akanipita. Miwani ilikuwa na ukungu mweupe kwa ndani, na nyuma ya ukungu sikuona macho. Nikasikia mnong'ono kutoka ndani ya barakoa.

"Dori... umeniandika?"

Nikatazama chini. Fomu zilikuwa mkononi, na ya Zoila ilikuwa juu. Mzima.

Bibi yangu alizaliwa mtoni, huko Nauta, na kwao kila mtu anajua jambo hili. Mtu akikaribia kufa, roho yake hutangulia kutoka ikaokote nyayo zake zote, kuanzia za mwisho kurudi za kwanza; ikizimaliza, mtu amekwenda. Utotoni tulicheka. Nimesoma uuguzi miaka mitano na bado nilicheka. Jioni ile sikucheka. Nyayo za kwanza za Zoila katika hospitali hii zilianzia mlango wa magari ya wagonjwa, na kile kitu kilikuwa kinaelekea huko, hatua kwa hatua.

Kama anaokota kuanzia za mwisho, basi mwenyewe yuko pale nyayo zilipoishia. Yuko kule kilikotokea.

Stoo ya mashuka.

Nilikimbia vile sijawahi kukimbia. Mlango ulikuwa umezuiwa kwa ndani. Nikaupiga bega, mara mbili, mara tatu, mpaka toroli iliyouzuia ikasogea. Zoila alikuwa amelala juu ya marundo ya mashuka, midomo ya buluu, vidole vya buluu, macho yanatazama dari. Alikuwa amejipachika kipimo cha oksijeni kidoleni. Kilisoma sitini na nane; mwenye afya husoma zaidi ya tisini na tano.

"Tangu lini?" nikamuuliza. "Zoila! Unaumwa tangu lini?"

"Siku... tano."

"Siku tano na hukuniambia? Mimi?"

"Nilikwambia," alinong'ona. "Wiki tatu."

Natamani angenipiga kofi.

"Naleta mtungi."

Akanishika mkono, nguvu hana. "Sitaki mtungi wa mtu. Nilishachukua mmoja. Yule mzee yupo pale, Dori, hajaacha kunitazama. Niache."

"Nyamaza! Nikuache nikamwambie nini mama yako? Mpumbavu wewe!" Nilikuwa nalia huku namtukana, na sababu nilikuwa nayo, Bwana Eleuterio na fomu zako.

Kwenye gari la wagonjwa kulikuwa na mtungi mdogo wa akiba. Hakuna aliyeniruhusu, nikauchukua. Narudi nauburuta koridoni, nikazisikia nyayo tena, mbali, upande wa mlango wa nje. Fya... fya... Sasa zilikuwa za harakaharaka. Zilikuwa zimebaki chache.

Nikamvalisha barakoa ya oksijeni, nikafungua valvu. Sitini na nane. Sitini na saba. Hazipandi! Nikarekebisha mpira, nikamlaza kifudifudi, nikampigapiga mgongo. Sitini na saba.

Fya. Fya. Fya.

Umeniandika?

Hapo ndipo nilipoelewa kinachotakiwa, au labda niliishiwa la kufanya. Nikaiokota fomu yake sakafuni, nilikoziangusha zote nilipoingia. Nikakata "mzima" mpaka karatasi ikatoboka, nikaandika kwa herufi kubwa: HAYUKO SAWA. HAJALALA TANGU KITANDA CHA SITA. ALINIAMBIA. NILIDANGANYA MIMI, DORILA AHUANARI. Nikaisoma kwa sauti, kama kichaa, katika stoo iliyonuka sabuni.

Nyayo zikakoma.

Nikatazama kidole chake. Sabini. Sabini na nne. Tukakaa hivyo, mkono wake ndani ya wangu, mpaka kikasoma themanini na tisa.

"Unaandika vibaya," alinong'ona baadaye chini ya barakoa. "Kama mtoto wa chekechea."

Zoila alipona. Yuko kwao sasa, anakula, na usiku mmojammoja analala. Mlinzi wa mlango wa magari aliniambia jioni ile aliona ovaroli tupu imelala kizingitini. Alipokwenda kuleta fimbo aisukume, hakuikuta. Huenda ni upepo, alisema, na akaomba kuhamishwa lindo.

Fomu nayo Bwana Eleuterio alinirudishia siku ya tatu. "Dada Dorila, hii ina makorokocho na imetoboka. Jaza nyingine safi." Naapa hayo ndiyo maneno yake. Nikamwambia hiyo ndiyo safi, na kama hataki aje avae ovaroli. Akafunga mlango.

Jumatatu iliyofuata waliniletea muuguzi mgeni, Teófilo, kijana mpole kutoka mji wa Yurimaguas, ashike vitanda vya Zoila. Nilishajaza fomu za watu kwa ukweli wao, kila mtu nimemuuliza uso kwa uso. Yangu niliijaza harakaharaka mwishoni. Unalala vizuri? Ndiyo. Mimi kiongozi, nilale au nisilale zamu itakwenda. Nikachana pakiti mpya, nikavaa ovaroli, nikampa Teófilo kalamu na mgongo.

"Haya, mdogo wangu, niandike."

Sikuhisi kalamu ikinigusa.

"Andika basi, wagonjwa wanasubiri!"

"Dada," alisema taratibu, "mbona umeshaandikwa?"

"Nani aniandike? Nimeichana pakiti sasa hivi mbele yako."

"Imeandikwa DORILA. Wino bado mbichi." Akasita. "Na chini yake kuna ua."

Koridoni, upande safi, mtu alikuwa anatembea. Teófilo naye alisikia, maana aligeuka kutazama mlangoni.

Fya...

Nimefanya kazi katika hospitali hii miaka kumi na minne. Nyayo zangu ni nyingi, lakini sikujua roho yangu ilianza kuziokota lini. Nilinyoosha mkono kwa Teófilo.

"Nirudishie hiyo kalamu," nikamwambia. "Na ile fomu yangu hapo mezani. Upesi."