Kalamu Kumi na Mbili Bila Swali Hata Moja

Cherehani ya mama yake Pini iko sebuleni, karibu na dirisha. Huanza kulia kabla hata chai haijachemka. Mama anashona, na Pini, binti yake mwembamba aliyepewa jina hilo kwa wembamba wake, anahakikisha mama hakwami. Anajua zipu zimebaki ngapi. Anajua muuza vitambaa yupi huleta mzigo kwa wakati, na yupi ni mtu wa "njoo kesho".

Lakini asubuhi hiyo Pini hakugusa zipu. Alikuwa ameshika tama mbele ya fomu ya chuo cha biashara. Ulibaki mstari mmoja tu: kozi anayoiomba. Fomu ilitakiwa Ijumaa, na kozi ikishaandikwa haibadilishwi.

"Andika uhasibu, yaishe," mama alisema. "Biashara ni hesabu. Kuna nini kingine?"

Pini aliutazama ule mstari mtupu. Miaka mitatu ya uhasibu! Aliogopa kweli. Lakini kama si uhasibu, angeandika nini?

Jirani yao, karani wa ghala, alikuwa amekuja kupunguziwa sketi. Akadakia hapohapo.

"Unaandika kozi usiyoijua? Kesho kuna maonyesho ya kazi pale ukumbini. Kampuni na vyuo vinaweka meza. Hata sisi wa ghala tutakuwepo."

"Lakini anti, mimi sitafuti kazi. Hata chuo sijaanza."

"Ndiyo wakati wake! Ukingoja umalize chuo, utakuwa umeshachelewa kuchagua."

Kesho yake mama alifunika cherehani, jambo ambalo hata mafua hayajawahi kumlazimisha kulifanya. Njiani akamwonya binti yake.

"Usisumbue watu wa watu. Chukua karatasi, sema asante, songa mbele."

Pini ni mtoto msikivu. Alizunguka meza zote. Karatasi, kalamu, asante. Karatasi, kalamu, asante. Mama alimfuata nyuma ameshika mfuko wazi. Saa moja baadaye walitoka meno yote nje.

Jirani aliwakuta mlangoni. "Haya, mmepata nini?"

"Kalamu kumi na mbili!" mama alijibu kwa fahari. "Na huu mfuko."

"Na mhasibu, kutwa nzima anafanya nini?"

Pini aliangalia viatu vyake.

"Hatukuuliza," akasema.

"Jamani! Mlifuata kozi au mlifuata kalamu?" Jirani alicheka, kisha akamshika Pini bega. "Sikiliza. Wale watu wameletwa ili waulizwe. Chagua meza mbili tatu tu. Uliza: kutwa nzima unafanya nini? Ulisoma kozi gani? Kitu gani kinakuchosha? Andika majibu. Kalamu si unazo?"

Pini akajikaza, akarudi ndani, mama nyuma yake. Alianza na mhasibu.

"Mimi napenda utulivu," mhasibu alimwambia. "Namba moja ikinipotea, siinuki kitini mpaka niione."

"Na hapo unafurahi?"

"Sana!"

Pini aliandika. Alijua furaha hiyo si yake.

Meza ya pili ilikuwa ya kiwanda cha sare za shule. Nyuma yake alikaa afisa ugavi.

"Kutwa nzima nafuatilia mizigo," alisema. "Nani ataleta kitambaa? Kitafika lini? Asipokileta, tumfuate nani?"

Pini alitoa macho. "Kumbe hiyo inasomewa? Mimi humfanyia mama, ni fundi cherehani."

"Inasomewa miaka mitatu. Wewe muuza vitambaa wako akichelewa, ungefanyaje?"

"Huwa nina wawili," Pini alijibu bila kufikiri. "Na zipu naagiza zikibaki kumi. Singoji ziishe."

Afisa alimgeukia mama. "Huyu amefundishwa na nani?"

"Na mimi," mama alisema. Machozi yakamlengalenga, akajifanya anatafuta kitu mfukoni.

Afisa aliwaeleza ufaulu unaotakiwa na chuo kipi kina kozi hiyo. Kilikuwa kilekile cha kwenye fomu. Tena akampa Pini namba yake ya simu.

"Wanafunzi wa chuo huja kwetu kufanya mazoezi ya kazi wakati wa likizo. Ukishaanza, nipigie."

Waliporudi nyumbani, Pini alijaza ule mstari: Ununuzi na Ugavi. Mama alichungulia juu ya bega lake.

"Andika kwa herufi kubwa," akasema. "Waione vizuri."

Pini alichaguliwa. Likizo ya kwanza alimpigia afisa simu, akapata nafasi ya mazoezi kiwandani. Maonyesho yalipofika tena, kiwanda kilimweka yeye mezani.

Akaja baba mmoja mwenye ovaroli, na binti yake. Binti alichukua karatasi, akachukua kalamu, akasema asante. Baba alikuwa ameshamvuta mkono.

"Twende, usisumbue watu."

Pini aliinuka, akawavutia viti viwili.

"Kaeni mnisumbue," alisema. "Ndicho kilichonileta hapa."